Jioni Niliyoacha Simu Yako Ikilia

Mwanangu,

Jana baada ya Magharibi ulinipigia simu mara tatu na sikupokea. Mamako ameniambia asubuhi hii kwamba ulilala na wasiwasi. Mimi mzima, alhamdulillahi. Nilikuwa gatini na Nahodha, simu iko mfukoni, naisikia kila inapolia, na mkono haukuweza kwenda kuitoa. Nakuandikia kwa sababu haya ningeyasema kwa mdomo ningekwama katikati.

Unajua Nahodha aliuza mashua mwaka jana. Alituambia mgongo umechoka na sisi sote tukaamini. Mtu aliyevuta nyavu toka utotoni hakosi kuumwa mgongo. Tangu hapo huenda gatini kuvua kwa mshipi wa mkono, na kila nikikutana naye msikitini huniambia, twende. Nami kila siku nina kanzu ya mtu ya kumaliza. Jana nilifunika cherehani nikamfuata.

Ilikuwa mwezi kumi na nne, maji ya bamvua. Wewe umezaliwa Malindi lakini Nairobi imekusahaulisha, basi nikukumbushe: siku kama hizo maji hujaa kwenye saa kumi, saa kumi na moja jioni, na yakipwa usiku, tofauti ya juu na chini hupita mita 3. Nahodha hupenda ile saa ya kwanza maji yanapoanza kutoka. Vidudu vilivyopanda kula ufukweni hurudishwa na mkondo, na samaki hukaa kuvizia kwenye nguzo za gati. Tulikwenda na kopo la vipande vya ngisi, kwa kuwa chambo cha kamba ni laini, samaki wadogo hukinyofoa kwenye ndoana kabla mkubwa hajafika.

Tulipoketi alinipa mshipi, chubwi na ndoana mbili, akasema, "Wewe ndiye fundi wa uzi. Nifungie." Nilifurahi, mwanangu. Miaka yote hiyo yeye ndiye mjuzi na mimi ni mtu wa nchi kavu, leo ananipa kazi. Nikamfungia vizuri, nikakaza kwa meno.

Kisha akaniuliza, "Maji yana rangi gani leo?" Nikamwambia ni ya kijani, safi, tope la Mto Sabaki halijashuka. Akatikisa kichwa kama mwalimu aliyesikia jibu sahihi. Baadaye akauliza kama nauona mnara wa Vasco da Gama kule rasini, na kama mashua zinarudi nyingi au chache. Nilidhani ananifundisha kutazama bahari. Nikawa najibu kila kitu kwa bidii, kama mtoto wa chuoni.

Na kwa kweli alinifundisha. Mshipi hupita juu ya kidole cha shahada, haushikwi kwa ngumi. Changu, anasema, hudonoa mara mbili akangoja. Ukivuta kwa papara umempoteza. Kolekole hadonoi, huja akanyakua akaondoka na mshipi wako. Nilimuona anavuta changu wanne mfululizo, na kila mmoja alimtaja kabla hajatoka majini. Hakukosea hata mara moja.

Mimi nilipata tafi mmoja, mdogo, na kwa furaha nikamkamata mkono mtupu. Nahodha alisikia nilivyoguna tu akajua. Tafi ana miba 13 mgongoni, na mingine tumboni, yote ina sumu. Maumivu yalipanda mpaka kiwikoni. Akamwita muuza kahawa, akamwomba maji ya moto kwenye kikopo, si ya kuchemka, ya kiasi cha mkono kuvumilia, akanichovya kidole humo akakishikilia mwenyewe. Sumu ya tafi huvunjwa na joto. Tukakaa hivyo muda mrefu, yeye ameshika mkono wangu, muuza kahawa akituongezea maji kila yalipopoa, mpaka maumivu yakalegea. Yule kijana hakukubali kulipwa.

Adhana ikalia, tukaswali pale pale gatini. Tulipomaliza tukageukia bahari. Nahodha akakunja mkeka, akatega uso mbele, akauliza kwa sauti ya kawaida kabisa:

"Mwezi umetoka?"

Mwanangu, mwezi ulikuwa mbele yetu. Umeshatoka majini, mwekundu, mkubwa kama sinia ya harusi, umetandaza njia juu ya maji mpaka chini ya miguu yetu. Nilimtazama usoni. Macho yake yalikuwa wazi, yameelekea huko huko.

Hapo ndipo simu yako ya kwanza ilipolia.

Ndoana, rangi ya maji, mnara, mashua, yote yalinirudia kwa pamoja. Mtu huyu amehesabu mwezi maisha yake yote, akijua kwa mwezi lini atoke na lini arudi. Nilitaka kumwuliza tangu lini, sikuweza. Nikasema, "Umetoka, Nahodha. Bado mwekundu." Akanyamaza kidogo, akasema, "Basi nieleze."

Nikamweleza kwa maneno ninayoyajua, ya vitambaa. Nikamwambia ni rangi ya bafta iliyochovywa manjano, na kingo zake zimekaa sawa kama zimepindwa kwa sindano, na ile njia juu ya maji ni hariri inayotikiswa. Simu ililia tena, na tena. Yeye anasikiliza, kidole bado kiko kwenye mshipi.

Ndipo akasema mwenyewe. Ulianza kama ukungu. Taa zikawa na duara pembeni. Kisha ule mnara, ambao ndio alama yake ya kuingilia bandarini, ukapotea mchana kweupe, na siku hiyo alirudi na vijana watatu chomboni akiongoza kwa sauti ya mawimbi. Kesho yake akaiweka mashua sokoni. Unakumbuka alivyokuwa akikuhadithia, kwamba yule Mreno, Vasco da Gama, mwaka 1498 hakuthubutu kuvuka kwenda Calicut, India, mpaka alipopewa rubani hapa hapa Malindi? Nahodha hakutaka vijana waseme rubani wao haoni.

Mimi si daktari, lakini dalili hizo ndizo alizokuwa nazo nyanya yako, na ulikuwa mtoto wa jicho. Nyanya alipasuliwa, akatolewa kile kioo cha jicho kilichoingia ukungu akawekewa kingine, na akafa akiwa anachambua mchele mwenyewe. Nilimwambia Nahodha hivyo. Akajibu kwamba haogopi bahari ila anaogopa kisu jichoni. Sikumlazimisha. Wakati wa kurudi alinishika mkono wa juu, kama mtu anayetembea na nduguye, na nadhani hakuna aliyetambua njiani.

Nakwambia wewe peke yako, wala usimwambie nimekuambia. Yeye ndiye aliyekufunga dumu kiunoni ukiwa na miaka 6 akakutia maji pale karibu na gati, ukalia, akakuahidi hatakuachia, na hakukuachia. Mpigie. Mwambie unakuja likizo na unataka kumpeleka Mombasa akaonwe macho, na kwamba utakaa naye ndani mpaka mwisho. Mimi akinikatalia hunyamaza. Wewe hatakukatalia upesi.

Mamako amewapaka nazi wale changu wawili tuliogawiwa, na kidole changu kimepona. Asubuhi hii, kabla ya kugusa kanzu ya mtu yeyote, nimemfungia Nahodha ndoana kumi nikazichomeka kwenye kipande cha godoro, zisimdunge. Kwa hesabu yake maji ya leo yatajaa kama dakika 50 baada ya jana. Nitampitia baada ya Alasiri.

Babako