Malalamiko: raki nzima haitatibu usukani huu, na spea sahihi bado haijaagizwa

Kitengo cha Usafirishaji,
Morogoro.

Meneja wa Huduma Baada ya Mauzo,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

YAH: HITILAFU ZA USUKANI NA UCHELEWESHAJI WA SPEA

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Gari letu lililoko gerejini kwenu lilipokelewa likiwa na kasoro mbili. Ya kwanza, taa ya njano ya usukani huwaka kwenye dashibodi na usukani huwa mzito ghafla, hasa wakati wa kuegesha. Ukizima injini na kuwasha tena, unalainika. Ya pili, upande wa kushoto mbele unagonga kwenye barabara ya vumbi, na tairi la upande huo linalika ukingo wa ndani. Kadi yenu ya kazi imeziandika zote kwa maneno matatu: "stering ina tatizo". Yaliyoharibika baadaye yalianzia hapo.

Profoma (ankara ya makadirio) mliyotuletea ni ya raki nzima, yaani chuma chenye meno kinachosukuma magurudumu kulia na kushoto. Kwenye modeli hii mota ya umeme inayosaidia usukani haikai kwenye raki. Imefungwa kwenye kolamu, yaani mhimili unaoshuka kutoka kwenye usukani, chini ya dashibodi, pamoja na sensa inayopima nguvu ya mkono wa dereva. Raki ya chini ni chuma na meno, haina waya hata mmoja. Mkiifunga mpya leo, taa ya njano itawaka vilevile kesho, na sisi tutakuwa tumeshalipa.

Uchunguzi wa kasoro ya kwanza huanza na betri, kabla hata ya kuchomeka mashine ya kusoma hitilafu. Usukani ukizungushwa gari likiwa limesimama, mota huvuta makumi ya ampea; betri iliyochoka au waya wa ethi (unaorudisha umeme kwenye hasi ya betri) wenye kutu unatosha kuangusha umeme hadi kompyuta ya usukani ikate msaada. Betri iliyojaa, injini ikiwa imezimwa, husoma kama volti 12.6, na injini ikiwa inanguruma, kati ya 13.5 na 14.5. Baada ya hapo mita iwekwe kati ya hasi ya betri na mahali ethi ya kompyuta ya usukani inapofungwa, huku mtu akizungusha usukani. Ikisoma zaidi ya volti 0.2, njia ya ethi ndiyo ya kushughulikiwa kwanza. Ripoti yenu haina kipimo hata kimoja kati ya hivyo. Ina kodi (namba ya hitilafu) ya sensa tu, iliyofutwa ikarudi. Kama betri na ethi ni nzima na kodi bado inarudi, kinachohitajika ni kolamu yenye sensa yake, na kolamu imo ndani ya waranti. Ikishafungwa, sifuri ya sensa isetiwe upya kwa mashine, magurudumu yakiwa yamenyooka na usukani haujaguswa na mtu. Hatua hiyo ikirukwa, gari linaweza kuvuta upande hata kwenye lami iliyonyooka.

Kugonga ni jambo la gharama ndogo. Mbele ya gari iinuliwe kwa jeki na kuwekwa kwenye stendi, kisha tairi lishikwe kushoto na kulia litikiswe. Likicheza hivyo lakini likishikwa juu na chini halichezi, kagua tairodi endi na raki endi, viungo vya nje na vya ndani vya fimbo inayounganisha raki na gurudumu. Likicheza juu na chini, anza na boli jointi na beringi. Kujua kama ni tairodi endi au raki endi, gari lishushwe, mmoja azungushe usukani kidogo kidogo na mwingine ashike mpira wa raki kwa vidole. Raki endi iliyokufa utaihisi ikidunda humo ndani. Picha zenu wenyewe zinaonyesha mpira wa kushoto umechanika: maji na mchanga vimeingia, grisi imetoka, chuma kimelika. Hapo inatakiwa raki endi moja, mpira mmoja na klipu zake mbili, tairodi endi kama nayo imelegea, halafu alaimenti. Raki yenyewe hubadilishwa ikiwa meno au mhimili wake umepata kutu au mikwaruzo, na hilo hamjalionyesha popote.

Linalotuudhi zaidi ni hili. Gari lilipotolewa kwa majaribio halikugonga, ila usukani haukurudi wenyewe katikati baada ya kona. Alama mpya za spana kwenye nati ya boliti ya kurekebishia raki zinaeleza sababu: boliti imekazwa ili mlio usisikike. Kazi yake ni kusukuma raki ishikane na pinioni, gia ndogo inayozungushwa na usukani. Ikizidishwa, meno yanabanana na kulika, na dereva anaurudisha usukani kwa mikono kila anapokata kona. Mtu huyo akiwa anateremka mlima wa Kitonga na mzigo, mnaelewa tunasema nini. Boliti irudishwe kwenye kipimo cha mtengenezaji, na hadi hapo gari lisiendeshwe barabarani.

Kuhusu spea, raki tuliyoisubiri tangu masika imefika ikiwa ya gari la usukani wa kushoto. Pinioni iko upande usio wetu. Kosa hili hutokea oda ikiandikwa kwa jina la modeli na mwaka badala ya namba ya chesesi yenye herufi na tarakimu 17. Tukiuliza spea nyingine tunaambiwa "iko njiani". Tunachotaka ni namba ya oda, namba ya spea, inakuja kwa meli au ndege, na tarehe. Raki endi haifiki kilo moja, hivyo hakuna haja ya kuisubiri ndani ya kontena.

Ndani ya siku 14 tangu kupokea barua hii tunaomba profoma ya raki ifutwe, vipimo vya umeme vifanyike na kuandikwa, kolamu iagizwe kwa waranti, na raki endi na mpira viletwe kwa ndege kwa gharama zenu, kwa kuwa oda mliikosea wenyewe. Mkishindwa, barua hii pamoja na picha itafikishwa Tume ya Ushindani chini ya Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003.

Spea zote mtakazofungua zihifadhiwe kwenye boksi lenye namba ya gari. Tutazichukua.

Wenu,

Msimamizi wa Magari
Kitengo cha Usafirishaji