Barua ya Wazi kwa Rais wa Tennis Kenya: Kocha Anayeweza Kusema "Sijui"

Mheshimiwa Rais,

Nakusalimu kwa niaba yangu tu, mzazi mmoja wa wale wanaoshinda pembeni ya uwanja wakiokota mipira.

Angella Okutoyi alipotwaa taji la Wimbledon la wasichana wawili wawili mwaka 2022, pamoja na Rose Marie Nijkamp wa Uholanzi, tulishangilia hadi sauti zikakauka. Vijana wengine wanamfuata, nao wanahitaji makocha. Na kila akitafutwa kocha, swali la kwanza ni lile lile: yeye mwenyewe alishinda nini?

Si swali baya. Juan Carlos Ferrero aliyemlea Carlos Alcaraz, nyota wa Hispania, alikuwa bingwa wa Roland Garros, yaani mashindano makubwa ya Ufaransa, mwaka 2003. Lakini Toni Nadal, aliyemfundisha Rafael Nadal, mtoto wa nduguye, tangu utotoni, hakuwa na taji kubwa hata moja.

Mimi namtazama zaidi Anton Dubrov, kocha aliyethubutu kusema "sijui". Mwanzoni mwa 2022 mchezaji wake, Aryna Sabalenka wa Belarus, alishindwa kabisa kuanzisha mpira. Wa kwanza wavuni, wa pili nje, pointi ya bure kwa mpinzani. Kwenye mashindano ya Adelaide, Australia, alifikia kuanzisha kwa mkono wa chini huku analia. Dubrov akamwambia yuko tayari kumpisha mtu mwingine, kwa kuwa haoni tena namna ya kumsaidia. Sabalenka akakataa. Baadaye akaletwa Gavin MacMillan, mtaalamu wa mwendo wa mwili, akaurekebisha mpigo ule kiungo kwa kiungo, na Dubrov akabaki kocha. Januari 2023 Sabalenka akachukua ubingwa wa Australia.

Ukweli huo unakwenda pande zote: kocha hukiri upungufu wake, na pia humwambia mchezaji ule wake. Kocha Darren Cahill alimwacha mchezaji wake, Simone Halep wa Romania, baada ya mashindano ya Miami 2017, si kwa kufungwa, bali kwa namna alivyokata tamaa uwanjani. Akarudi baadaye, na 2018 Halep akashinda Roland Garros.

Sasa niambie, Mheshimiwa, kocha wetu anayelipwa kibarua cha mwezi kwa mwezi atathubutu? Akisema mtoto huyu amenizidi, kesho hana kazi. Basi humng'ang'ania mpaka kipaji kinapinda.

Ombi langu: kwenye usaili, mwulizeni ni mchezaji gani aliwahi kumkabidhi kwa kocha mwingine, na kwa nini. Na mkataba wake useme wazi kwamba kufanya hivyo hakumpotezei mshahara.

Wako,
Mzazi wa mchezaji chipukizi, Nairobi