Safari ya Evian Jumamosi

Habari za jioni wapendwa. Tukutane bandari ya Ouchy, hapa Lausanne, saa 3 asubuhi, saa ya kwetu, yaani 9 ya Waswisi. Mwenye kuchelewa ataipungia meli mkono. Hadi Evian, ng'ambo ya ziwa upande wa Ufaransa, ni kama dakika 35.

Ukumbi wenyewe wa muziki tunaoenda, La Grange au Lac, ulifunguliwa 1993. Patrick Bouchain aliusanifu kwa ajili ya mpiga selo Rostropovich. Ni wa mbao, kama ghala katikati ya miti, lakini ndani zinaning'inia taa za vioo! Mji mdogo vile, na watu zaidi ya 1,000 wanaenea ukumbini humo.

Msisahau pasipoti na kibali cha kuishi, tunaingia Ufaransa. Na chupa tupu: maji ya Cachat, chemchemi ya pale Evian, ni bure.

Ambao hamjatuma nauli, mnajijua.