Baba Neema, usisaini kwanza

Rutherglen, Uskoti

Ndugu yangu Baba Neema,

Habari za siku nyingi? Mama Neema na watoto hawajambo? Huku tunapumua, ila baridi haina huruma. Nasikia mpunga umekubali mwaka huu. Uniwekee japo debe, namna ya kufika huku tutajua baadaye.

Najua nimekaa kimya mno, utanisema tukionana. Lakini ujumbe wako wa sauti umeninyima usingizi. Eti mwekezaji anataka hati ya uwanja wetu, azungushe ukuta, ajenge fremu za maduka upande wa barabarani, na timu itaendelea kucheza kama kawaida. Na wewe mweka hazina unashangilia! Hebu nikusimulie ya hapa kwangu.

Karibu na ninapoishi kuna uwanja unaitwa Shawfield, pembeni tu mwa Glasgow. Clyde, timu yenye jina la mto unaopita hapo hapo, walihamia mwaka 1898. Na si timu ya kubeza: mwaka 1908 watu 52,000 walijaa kuwatazama wakicheza na Rangers. Baadaye hela zikakata. Wakati huo Uingereza ilishapagawa na mbio za mbwa, zilizoanza Manchester mwaka 1926. Mbwa sita wembamba, kila mmoja na fulana ya rangi yake, wanamkimbiza sungura wa bandia anayevutwa kwa mashine, na watu wanaweka dau. Usicheke. Mfanyakazi wa kiwandani angepata wapi nafasi ya kwenda kwenye mbio za farasi mchana wa kazi? Mbwa walimfuata mtaani kwake, jioni.

Basi mwaka 1932 mbwa wakaanza kukimbia Shawfield, kwenye njia iliyozunguka uwanja wa mpira. Clyde wakapata ahueni. Mwaka 1935 kampuni ya mbwa ikauchukua uwanja wote, Clyde wakawa wapangaji kwao wenyewe.

Najua Kipara atakwambia, "Mbona walibeba makombe?" Walibeba kweli! Kombe la Uskoti mwaka 1939, 1955 na 1958. Lile la 1939 walikaa nalo hadi 1947, maana vita vilisimamisha mashindano. Hicho ndicho kinachonitisha. Mambo yakienda vizuri, nani anakumbuka hati iko kabatini kwa nani? Miaka hamsini ikapita hivyo, wazee waliouza wamekufa, na mwaka 1986 timu ikatolewa. Watu wakatoka, mbwa wakabaki. Clyde wakaenda kujibanza kwa Partick Thistle, kisha Hamilton, mwaka 1994 wakapelekwa Cumbernauld, mwaka 2022 wakarudi Hamilton. Jirani yangu mmoja mzee aliacha kwenda kuwatazama. Anasema hawezi kusafiri kwenda kuona timu ya nyumbani.

Mbwa wenyewe nao walikimbia hadi Machi 2020. Korona ikafunga milango, hawakurudi tena.

Halafu kuna jambo litakalomgusa babu yako, msomee. Hapo hapo Shawfield palikuwa na kiwanda cha kemikali za kromiamu cha akina White. Mmoja wao ni Lord Overtoun, yule yule ambaye misheni ya Livingstonia, kule Malawi ng'ambo ya ziwa letu, waliita chuo kwa jina lake kwa sababu ya fedha alizotoa. Mlokole wa kupinga tramu zisitembee Jumapili, huku vibarua wake wakifanya kazi saa kumi na mbili kwa siku, Jumapili ikiwemo. Keir Hardie, mwanasiasa mtetezi wa wafanyakazi, alimwanika kwenye vijitabu mwaka 1899. Taka za kiwanda hicho bado ziko ardhini, na kijito cha Polmadie kimewahi kugeuka kijani kibichi. Babu alisoma kwa hela hizo, sisi tumesoma kwa jasho la babu... haya, tuyaache, nitaanza kuhubiri.

Turudi uwanjani. Simpingi mwekezaji. Akitaka fremu, apangishwe ile sehemu ya barabarani tu, kwa miaka inayohesabika, na kodi iingie kwenye timu. Hati isitoke. Ukuta tunaweza kuchanga. Mimi natoa, na Mama Tumaini wa Leicester hawezi kukataa, ananidai fadhila.

Sasa nijibu, tena kwa maandishi, maana sauti zako zimejaa kelele za bodaboda. Hati ya sasa imeandikwa kwa jina la nani hasa, timu au kijiji? Mkutano wa wanakijiji umeitishwa, au ni nyinyi watano na soda? Mwenyekiti amekwishapokea chochote? Huyo mwekezaji ameweka kwenye karatasi kwamba timu itacheza mpaka lini, au ni ya mdomoni? Na golikipa wetu wa zamani anasemaje? Yule ndiye asiyenunulika.

Kikao ni Jumamosi, sivyo? Nipigie Ijumaa usiku, hata kama umechelewa.

Wako,
Shemeji wa Glasgow