Sheria ya bahari: tusiige Marekani

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nijibu hoja niliyoisikia wiki iliyopita katika soko la samaki la Feri, wakati dalali akinadi jodari aliyelazwa kwenye sakafu iliyolowa maji. Msemaji mmoja alidai kwamba mikataba ya bahari ni mzigo kwa nchi kama yetu, kwani hata Marekani haijaridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Sheria ya Bahari, na meli zake zinapita zinakotaka.

Ni kweli haijaridhia. Rais Reagan aliukataa mwaka 1982 kwa sababu ya masharti ya uchimbaji wa madini katika sakafu ya bahari kuu, na ingawa masharti hayo yalilegezwa mwaka 1994, Seneti haijauridhia hadi leo. Ambacho msemaji wetu hakukitaja ni kwamba Reagan huyo huyo, Machi 1983, alijitangazia ukanda wa uchumi wa bahari wa maili 200 (eneo ambalo samaki na madini yake ni haki ya nchi ya pwani peke yake), yaani alichukua mnofu akawaachia wenzake miiba. Mwenye manowari anaweza kufanya hivyo, sisi hatuwezi.

Tanzania ilitia saini siku mkataba ulipofunguliwa huko Montego Bay, Jamaika, tarehe 10 Desemba 1982, ikauridhia mwaka 1985. Wakazi wa Dar es Salaam hawajasahau "samaki wa Magufuli", waliopewa jina la waziri wa uvuvi wa wakati huo. Meli ya uvuvi ya kigeni ya Tawariq 1, walimotoka samaki hao, ilikamatwa Machi 2009 ndani ya ukanda wetu, mbali na upeo wa macho ya mtu aliyesimama Kigamboni, katika doria iliyotumia meli ya Afrika Kusini. Chombo kilikuwa cha jirani, na hilo nakiri linatia aibu kidogo, lakini haki ya kukamata ilikuwa yetu, na imeandikwa katika mkataba.

Aidha, ni nchi wanachama zinazochagua majaji wa mahakama ya bahari iliyoko Hamburg, ambako wameketi Watanzania Joseph Warioba na James Kateka. Marekani, pamoja na ukubwa wake, haina kura hiyo.

Msemaji yule angeuliza kwa nini hatuna meli za doria za kutosha, ningemuunga mkono. Ila jodari wa Feri huletwa na wavuvi wadogo, ilhali huko nje zinavua meli kubwa za kigeni, ambazo lazima kwanza ziombe leseni kwa Mamlaka ya Usimamizi wa Uvuvi wa Bahari Kuu, Zanzibar. Tukijitoa, ziombe kwa sheria ipi?

Msomaji wako,
Kigamboni, Dar es Salaam