Barua kwa Rafiki Mlutheri Kuhusu Maombezi ya Watakatifu

Kurasini, Dar es Salaam
3 Novemba

Mpendwa Mama Baraka,

Salamu nyingi katika jina la Bwana wetu Yesu Kristo. Huku sote hatujambo, isipokuwa joto ambalo mwaka huu limewahi, na natumaini kwamba Moshi nako ni wazima, wewe pamoja na baba na watoto.

Barua yako imenifikia, na swali lililomo halistahili kujibiwa kwa ujumbe mfupi wa simu. Umeuliza kwa nini siku ya arobaini ya shangazi, baada ya rozari, tulitaja majina ya watu waliokufa zamani na kuwaomba watuombee, ilhali Yesu yupo na anasikia. Umeongeza, kwa upole wako uleule, kwamba mchungaji mmoja aliwahi kukuambia kuwa jambo hilo halina tofauti na matambiko ya mizimu. Nitajitahidi kuyajibu yote mawili, na nitaanza na yale uliyoyasikia kwa masikio yako mwenyewe pale chini ya turubai.

Utakumbuka kwamba mama aliyetuongoza alikuwa na kijitabu cha sala ambacho kurasa zake zimelegea kwa kushikwashikwa, lakini hakukitazama sana, kwa kuwa litania anaijua kwa moyo. Alianza na Bwana, kisha Kristo, kisha Bwana tena, nasi tukaitikia, "Utuhurumie." Alipofika kwa Bikira Maria, Petro, Paulo, Monika na Karoli Lwanga, kiitikio kikabadilika kikawa "Utuombee," na hakikurudi tena kwenye kuomba huruma mpaka alipomtaja Mwanakondoo wa Mungu aondoaye dhambi za dunia. Mabadiliko hayo si ya bahati mbaya. Mkatoliki hata asiyejua kusoma, ambaye hajawahi kufundishwa teolojia yoyote zaidi ya katekisimu ya kipaimara, anajua kwamba huruma na msamaha vinatoka kwa Mungu peke yake, na kwamba kwa Petro anatafuta kitu kimoja tu, yaani Petro naye apige magoti pamoja nasi. Na Salamu Maria, ambayo huenda ndiyo iliyokukwaza kwa kuwa inarudiwa sana, inamwomba Mama wa Mungu nini? Atuombee sisi wakosefu, sasa na saa ya kufa kwetu. Hakuna ombi jingine ndani yake.

Sasa niruhusu nikukumbushe jambo lako mwenyewe. Shangazi alipolazwa, wewe ulifunga na kuomba kwa ajili yake, na nilikupigia simu mara kadhaa nikikusihi usiache. Wala wewe wala mimi hatukudhani kwamba nimekuweka mahali pa Kristo. Tuliliona jambo la kawaida kabisa kati ya Wakristo, na kwa kweli ni la kawaida, kwa sababu Paulo mwenyewe anawasihi Warumi wajitahidi pamoja naye katika maombi yao kwa Mungu kwa ajili yake. Ule mstari unaotajwa kila mara dhidi yetu, kwamba mpatanishi kati ya Mungu na wanadamu ni mmoja, Kristo Yesu, umo katika sura ya 2 ya Waraka wa Kwanza kwa Timotheo, nasi tunaukiri bila kupunguza neno. Lakini soma sura hiyo tangu mwanzo wake, uone kwamba Paulo anaanza kwa kuagiza dua, sala na maombezi yafanyike kwa ajili ya watu wote, ndipo anapofika kwenye mpatanishi mmoja. Haoni mgongano wowote kati ya mambo hayo mawili, wala hatuuoni sisi, kwa sababu anayemwombea mwenzake anafanya hivyo akiwa ndani ya Kristo na kwa nguvu ya upatanisho uleule. Mtaguso wa Pili wa Vatikani, yaani mkutano mkuu wa maaskofu wa Kanisa letu, ulilisema hilo waziwazi mwaka 1964 kuhusu Bikira Maria, kwamba nafasi yake haipunguzi wala haifuniki upatanishi wa pekee wa Kristo, bali inautegemea kabisa.

Kuna kisa kimoja katika Maandiko ambacho mimi hukirudia mara nyingi, na nashangaa kwamba hakitajwi sana katika mabishano haya. Mwishoni mwa kitabu cha Ayubu, Mungu amewakasirikia Elifazi na wenzake wawili kwa kuwa hawakunena mambo ya kweli juu yake. Angeweza kuwaambia watubu mbele yake na yaishe, kwa maana yupo pale pale na anasema nao. Badala yake anawatuma kwa Ayubu wakiwa na sadaka zao, na kuwaambia kwamba mtumishi wake Ayubu atawaombea, naye atamridhia Ayubu. Ni Mungu mwenyewe aliyeamua kwamba msamaha wa watu hao upitie katika maombi ya rafiki waliyemsema vibaya. Basi mtu anaponiuliza kwa nini nisimwendee Yesu moja kwa moja, jibu langu ni kwamba ninamwendea moja kwa moja kila siku, lakini sikuelekezwa popote niende peke yangu. Yakobo anaandika kwamba kuomba kwake mwenye haki kwafaa sana, akiomba kwa bidii, na sioni sababu ya kudhani kwamba mwenye haki huyo akishaondoka duniani bidii yake inakoma.

Najua hapo ndipo utakaponisimamisha, kwa maana wewe ulinijibu kwa simu ukiwa hai, na Monika amekufa tangu mwaka 387. Swali lote, Mama Baraka, liko hapo: je, kifo kinamtoa Mkristo katika Kanisa? Yesu aliwaambia Masadukayo kwamba Mungu wa Abrahamu, wa Isaka na wa Yakobo si Mungu wa wafu bali wa walio hai. Paulo alitamani kwenda zake akae na Kristo, akaona kwamba hilo ni bora zaidi kuliko kubaki. Na katika sura ya 5 ya Ufunuo, wale wazee ishirini na wanne walio mbele ya Mwanakondoo wameshika vitasa vya dhahabu vilivyojaa manukato, ambayo Yohane anatuambia ni maombi ya watakatifu. Waliopo mbinguni, basi, wanayashika mikononi maombi yetu sisi tulioko huku. Mstari unaosema kwamba wafu hawajui neno lolote, ambao najua utaletwa, unatoka kwa Mhubiri, anayeeleza jinsi mambo yanavyoonekana chini ya jua, karne kadhaa kabla ya kaburi la Bwana kukutwa tupu.

Namna wanavyosikia sitaichukulia muda mrefu. Watakatifu hawako kila mahali wala hawajui yote, na hakuna Mkatoliki anayefundishwa hivyo. Tomaso wa Akwino, mwanateolojia wetu mkuu wa karne ya 13, alifafanua kwamba wanayajua maombi yetu kwa kuwa wanamwona Mungu, naye anawajulisha yanayowahusu. Kwa Mungu aliyewajalia uzima wa milele, hilo silo jambo kubwa.

Kuhusu mizimu itanibidi nikae kidogo, maana shutuma hii inatuuma sisi wa huku kuliko inavyowauma Wakatoliki wa Ulaya, ambao bibi zao hawakumwaga pombe chini ya mti. Kumbukumbu la Torati sura ya 18 inakataza kuwauliza wafu habari. Ndicho alichofanya Sauli kule Endori, alipomtafuta mwanamke mwenye pepo wa utambuzi ili Samweli apandishwe amweleze vita vitakwendaje. Sisi hatumpandishi mtu, hatutafuti habari za kesho, na hakuna sauti tunayoingoja baada ya litania. Kwenye tambiko mambo ni mengine kabisa. Mzimu unaogopwa, kwa kuwa ukisahauliwa utaleta maradhi au ugumba. Unalishwa, unatulizwa kwa damu na pombe, na mara nyingi unashughulika na ukoo wake tu. Je, umewahi kumsikia Mkatoliki akisema kwamba mtoto wake ameugua kwa sababu Mtakatifu Anton amekasirika? Akisema hivyo, paroko wake ana kazi ya kufanya. Sadaka yetu ni moja, nayo ni Misa, na hata ikiadhimishwa katika kanisa lenye jina la mtakatifu inatolewa kwa Mungu pekee. Augustino, Mwafrika mwenzetu wa kaskazini, alilijibu shtaka hilohilo zaidi ya miaka 1,600 iliyopita alipomwandikia Fausto Mmanikayo, yaani mfuasi wa dini ya Mani: hakuna askofu asimamaye altareni penye kumbukumbu za wafiadini akasema, "tunakutolea wewe Petro, au wewe Paulo, au wewe Sipriani." Kinachotolewa hutolewa kwa Mungu aliyewavika taji wafiadini hao.

Sikatai kwamba wapo wanaoharibu. Mwanamke anayeifukia sanamu ya Mtakatifu Yosefu kiwanjani ili kipate mteja, au zile sala za mnyororo zinazozunguka WhatsApp zikitishia kwamba usipozituma kwa watu kumi na wawili utapata msiba, huo ni ushirikina uliovikwa rozari, na wewe ukiukemea nitakuunga mkono. Lakini hata mafuta ya upako na maji ya maombezi yanayouzwa katika baadhi ya huduma hapa mjini hayatufanyi tuseme kwamba Walutheri hawajui kusali.

Desturi yenyewe ni ya kale mno kuhesabiwa kama uzushi wa zama za kati. Huko Roma, kwenye makaburi ya chini ya ardhi ya Mtakatifu Sebastiani kando ya barabara ya Appia, mahujaji wa karne ya 3 na mwanzoni mwa ile ya 4 walikwaruza maombi yao katika lipu ya ukuta, na mojawapo linasomeka: "Paulo na Petro, mwombeeni Viktori." Hatujui Viktori alikuwa nani, wala alikuwa na shida gani. Ipo pia sala tunayoisali hadi leo, "Tunaukimbilia ulinzi wako, Mzazi Mtakatifu wa Mungu," ambayo imepatikana kwa Kigiriki katika kipande cha mafunjo kutoka Misri, kinachohifadhiwa Manchester katika maktaba ya John Rylands. Wataalamu kadhaa hukipa umri wa karne ya 3, wengine hukisogeza mbele zaidi.

Unamjua mwanangu, na umeniuliza zamani kwa nini tulimpa jina la Kizito. Yule Kizito wa Buganda ndiye aliyekuwa mdogo kuliko wenzake, akabatizwa na Karoli Lwanga usiku mmoja mwishoni mwa Mei 1886, na tarehe 3 Juni wakachomwa moto Namugongo. Papa Paulo wa Sita aliwatangaza kuwa watakatifu wafiadini 22 Wakatoliki tarehe 18 Oktoba 1964, na siku hiyohiyo aliwakumbuka kwa heshima Waanglikana waliouawa kwa ajili ya jina la Kristo. Mimi humwomba Kizito amwombee mwenzake wa jina kila asubuhi anapotoka kupanda daladala kwenda shule. Ni kijana aliyejua maana ya kushinikizwa na wakubwa afanye lisilofaa, akakataa, na sasa yuko na Bwana aliyemtegemea.

Na kama bado unahofia kwamba utukufu wa Mungu unagawanywa, angalia jinsi Kanisa linavyomtangaza mtu kuwa mwenye heri. Mwalimu Nyerere, ambaye mchakato wake ulifunguliwa na Jimbo la Musoma, anaitwa Mtumishi wa Mungu, ambayo ni hatua ya kwanza tu, nasi hatuwezi kumtaja katika litania ya hadhara, hata kama tunampenda kiasi gani. Kwa yeye ambaye hakufa mfiadini, unatakiwa muujiza uchunguzwe na madaktari na wanateolojia, na kinachotafutwa ni tendo lililofanywa na Mungu baada ya watu kumwomba Mwalimu awaombee. Mwenye kuponya ni Mungu tangu mwanzo wa faili hadi mwisho wake.

Lipo jambo moja ambalo sikutarajia kulikuta nilipokuwa nikijiandaa kukujibu. Maungamo yenu ya Augsburg ya mwaka 1530, yaani tamko la imani la Walutheri, katika kifungu cha 21, yanakubali watakatifu wakumbukwe ili tuige imani yao, lakini yanasema Maandiko hayafundishi kuwaita watusaidie. Mwaka uliofuata Philipp Melanchthon, mwenzake Luther, aliandika Utetezi wa Maungamo hayo, na hapo anakubali kwamba watakatifu mbinguni wanaliombea Kanisa kwa ujumla, akitaja ile ndoto ya Wamakabayo wa Pili sura ya 15, ambamo nabii Yeremia, akiwa amekwisha kufa siku nyingi, anaonekana akiwaombea watu na mji mtakatifu. Basi hatutofautiani juu ya kama wanaomba. Tunatofautiana juu ya kama sisi tunaruhusiwa kuwasemesha, na Mtaguso wa Trento, mnamo Desemba 1563, ulisema kwamba kufanya hivyo ni vyema na kuna manufaa, bila kuwatoza waamini idadi yoyote ya sala kwa mtakatifu yeyote.

Nakuomba umuulize mchungaji wako wa sasa, ambaye umenisifia usomi wake, anakielewaje kifungu hicho cha Utetezi, kisha uniandikie jibu lake kama lilivyo, hata likiwa kinyume changu. Pale ambapo Melanchthon anakubali kwamba wanaomba, halafu anakataa tusiwaambie neno, mimi bado naona pengo, na ningependa kusikia linazibwaje na mtu wa upande wenu.

Msalimie sana Baba Baraka. Kitenge cha mama nimempa kijana wa basi, kitafika Ijumaa.

Ni mimi rafiki yako,
Mama Kizito