Barua ya wazi kwa Waziri wa Usalama wa Ndani: mtu akienda baa, bastola ibaki nyumbani

Mheshimiwa Waziri, pokea salamu zangu. Mimi ni weita, nimefanya kazi za baa hapa Nairobi miaka tisa, na naandika hii nikiwa nimetoka shifti alfajiri, miguu inauma lakini hii maneno imenikaa kifuani tangu wiki jana.

Kuna mteja alikuja, kile kifaa cha baunsa kikalia pale mlangoni, akatoa kadi ya leseni, baunsa akamwambia pita mkubwa. Angemwambia nini tena? Akakaa meza yangu, chupa ya pili, ya tatu, shati ikapanda, kila nikiinama kuweka barafu naona mpini wa bastola kiunoni. Kufika kwa bili akasema hizo chupa zingine si zake. Hakuitoa wala hakunitusi, aliweka tu mkono pale kiunoni kama mtu anapanga mshipi, na mimi nikasema pole bosi, ni mimi nimehesabu vibaya. Hiyo pesa imekatwa kwa mshahara wangu.

Najua sheria iko. Sheria ya Silaha, Cap 114, inasema ukiwa mlevi ama unaleta fujo na bunduki mwilini ni kosa. Shida ni kwamba mpaka alewe bastola ishaingia ndani kitambo, na wa kumwambia imetosha ni mimi na trei yangu mkononi. Januari 2020 pale Kilimani DJ alipigwa risasi ya shingo ndani ya klabu, kijana alikuwa kazini tu kama mimi, video tuliiona wote, tukalia sana halafu kukanyamaza.

Mwisho wa 2018 serikali iliagiza raia wote wenye silaha wakaguliwe upya, na hiyo ilikuwa kazi nzuri, lakini ule ukaguzi unafanywa ofisini mchana mtu akiwa hajaonja kitu.

Wengine watasema aingie nayo bora asinywe, vile Ohio huko Marekani walifanya 2011, gavana John Kasich akatia saini. Sasa nani atachunga glasi? Soda ikiwekwa vodka mimi nitajuaje, niionje?

Ninachoomba ni iandikwe wazi, mahali pombe inanywewa silaha haipiti mlango, hata ya askari ambaye hayuko kazini, na isiachwe kwa gari pia maana magari yanavunjwa kila siku. Notisi ibandikwe mlangoni na muhuri wa serikali, ndio baunsa akimzuia mtu asionekane ni yeye ana kiburi. Anayelazimisha, leseni ichukuliwe.

Ijumaa niko shifti tena Mheshimiwa, na yule mteja alisema atarudi.